Toleo jipya likisifiwa, uliza kwanza lilionwa wapi

Swali limetoka kwa msomaji wa Umoja, Nairobi. Nimelifupisha:

«Kaka, shikamoo. Nina vijana wawili, wa miaka 16 na 12. Kila Ijumaa wananiambia kuna filamu au gemu mpya imetoka. Mkubwa anasema ni takataka, mdogo anasema ni moto, na wote wawili hawajaiona. Nyumbani tuna mashine ya gemu ya PlayStation, PS4 Slim ya mtumba, na diski zake sita, runinga ya 4K ya inchi 43, na waifai ya megabiti 10. Pesa za chama zimefika zamu yangu na nimeahidi PS5. Ninunue yenye CD, yaani yenye sehemu ya kuweka diski, au isiyo na CD? Filamu za diski bado zina maana? Na haya maoni ya watu kuhusu vitu vipya, nimwamini nani?»

Marahaba, dada. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hayo mengine yamelalia juu yake.

Niliuza filamu Buruburu miaka 13, mwanzo kwa DVD za shilingi 50, baadaye kwa kujazia watu flashi. Sijisifu kwa biashara ile. Waliotengeneza filamu zile hawakupata hata senti yangu moja. Siku hizi natengeneza mashine za gemu katika chumba cha ghorofani karibu na Luthuli Avenue. Kazi zote mbili zimenifanya nisikie maoni mengi kuliko kinyozi. Mtu akikwambia filamu mpya ni mbaya, ndani ya neno hilo kuna filamu, kuna kopi aliyoipata, kuna kioo alichotazamia, na kuna aliyekuwa amekaa kando yake akiongea. Basi usimuulize kama ni nzuri. Muulize aliionea wapi.

Zamani zile nilikuwa na mteja, kijana wa kazi za mjengo, aliyenirudishia flashi siku moja kwa hasira. Filamu ni giza tupu, akasema, haoni kitu, na mwisho wake haueleweki. Nilijua kwa nini. Ilikuwa kopi ya kamera, ile inayorekodiwa na mtu aliyejificha ndani ya sinema: picha imelala upande, sauti inatoka kama iko ndani ya mtungi, halafu katikati ya vita kichwa cha mtu kinapita na bisi mkononi. Wiki sita baadaye kopi safi ikaja. Nikamwekea dukani bila kumwambia ni ile ile. Aliitazama akiwa amesimama, mfuko wa unga wa kilo mbili kwapani, hadi majina ya mwisho yakapanda. Alipoondoka aliniambia hii ndiyo filamu, si ule upuzi wa juzi.

Hesabu za wenye filamu zimebadilika pia. Kabla ya Korona, filamu kubwa ya Marekani ilikaa sinema karibu miezi mitatu ndipo ikaruhusiwa kuingia majumbani. Sasa nyingi hupewa siku 45 hivi, nyingine hata hazifiki hapo. Kwa hiyo maoni ya wiki ya kwanza ni ya waliolipa tiketi au ya waliotazama kopi ya kamera, na mtandaoni huwezi kuwatenganisha. Ukitaka kujua filamu itakavyokuwa sebuleni kwako, ngoja kama wiki ya saba. Hapo wanaoongea ni watu wenye runinga kama yako.

Kuna kundi jingine: walioitazama na DJ Afro, yule msimulizi wa filamu. Hao wana filamu yao kabisa. Mimi nimeona watu wakilipenda sinema bovu la Kihindi au la Kichina kwa sababu DJ Afro alilitafsiri akaliongezea chumvi, kisha wakalitafuta lenyewe, wakaliona limepooza kama chai ya jana. Sisemi vibaya, nami namsikiliza. Nasema tu kwamba hapo anayesifiwa ni msimulizi.

Sasa runinga yako. Mtu wa dukani alikwambia 4K, na kweli ina vitone milioni 8 na zaidi. DVD ina kama laki nne na kitu. Ndiyo maana zile DVD za zamani ukiziweka zinaonekana kama zimepakwa mafuta. Lakini kwa inchi 43, ukikaa mita mbili na nusu kama wengi wetu tunavyokaa, jicho la kawaida haliwezi kutenganisha 4K na HD kamili, daraja la picha lililo chini yake. Usiruhusu mtu akuuzie kitu kwa sababu ya hiyo 4K peke yake.

Kinachoonekana hata kutoka mlangoni ni mtiririko wa data. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na 5 kwa HD kamili. Wewe una 10, na saa mbili usiku jengo zima likiingia mtandaoni, hizo 10 sijui zinabaki ngapi. Diski ya Blu-ray ya kawaida, ile iliyoifuata DVD, inaweza kusukuma picha hadi megabiti 40 kwa sekunde, na haijui jirani anafanya nini. Tazama tukio la usiku kwenye filamu, mtu anatembea msituni na tochi. Mtandaoni ile giza inakatika vipandevipande kama vigae. Kwenye diski ni giza, na ndani yake unaona majani.

Je, ndiyo ununue filamu kwa diski? Chache. Kasha moja halali linakuja kutoka nje na bei yake inauma, na filamu nyingi mtu hutazama mara moja akasahau hata jina. Nunua ile ambayo nyumba yako hurudia kila Desemba, basi. Ubaya wa kutegemea mtandao peke yake si picha tu. Vitu vinaondoka. Netflix waliingia Kenya Januari 2016. Mwaka 2021 wakatupa mpango wa bure wa simu za Android, na 2023 wakauondoa. Desemba ya mwaka huo huo PlayStation waliwatangazia watu walionunua, narudia walionunua, vipindi vya Discovery kwamba vingefutwa kwenye akaunti zao. Kelele zikawa nyingi, wakarudi nyuma. Lakini kila mtu alijua sasa kwamba alichokuwa nacho ni ruhusa ya kutazama. Nako Marekani wakati huo huo, diski ya 4K ya Oppenheimer iliisha madukani wiki ile ile ilipotoka, enzi ambayo watu walisema diski imekufa.

Na ukipita River Road ukakuta diski halali ya filamu ya hapa kwetu, ya Kikuyu au ya Kikamba, ambayo mama yako anaipenda, nunua hapo hapo. Nyingi za Riverwood, yaani filamu hizo za River Road, hazipo mtandaoni popote, na hazichapishwi tena.

Angalizo moja kuhusu mashine. PS4 yako inacheza DVD na Blu-ray, lakini haichezi Blu-ray ya 4K, hata PS4 Pro haichezi. PS5 yenye CD inacheza zote tatu. Blu-ray ya kawaida ya filamu ina kanda: Afrika iko kanda B, Marekani kanda A, na mashine iliyoletwa kutoka Marekani itakataa diski ya B. Muuzaji akikwambia mzigo wake ni wa Marekani, kumbuka hilo. Za 4K hazina mipaka. (Kichekesho ni kwamba sisi huku tunasema «PS ya CD», na CD ya muziki, ile yenyewe hasa, PS4 na PS5 zote haziichezi.)

Tuje kwenye gemu, maana hapo ndipo pesa yako inakokwenda.

Kwa gemu swali la «uliionea wapi» ni kali zaidi. Chukua FC, gemu ya mpira ambayo najua vijana wako wataitaka kwa sababu sijaona kijana wa Umoja asiyeitaka. FC 26 ilitoka Septemba 2025 kwa PS4 na PS5. Jina moja, kasha linafanana, lakini namna wachezaji wanavyokimbia na kugeuka kwenye PS5 imetengenezwa kwa teknolojia ambayo PS4 haikupewa. Jamaa wa YouTube anasifu miondoko, kijana wako anaweka ya PS4, anaona ni kama ya mwaka jana. Wote wawili wanasema kweli.

Mfano mkubwa zaidi ni Cyberpunk 2077. Ilitoka Desemba 10, 2020. Waliopewa mapema kuihakiki waliicheza kwenye kompyuta kali, wakaisifu. Wenye PS4 za kawaida wakaweka diski, magari yakawa yanaota kutoka ardhini na mashine ikazimika katikati ya mchezo. Wiki moja baadaye Sony, wenye PlayStation, waliitoa kwenye duka lao la mtandaoni na kurudishia watu pesa. Haikurudi mpaka Juni 2021. Leo kwenye PS5 ni moja ya gemu nzuri nilizowahi kucheza, na toleo lililoifanya hivyo, la mwaka 2023, halikuletwa PS4 kabisa. Mtu akikwambia Cyberpunk ni mbovu, muulize mwaka gani na mashine gani. (Ni ya watu wazima, kwa hiyo hii ni yangu mimi na wewe.)

Ndiyo maana gemu mpya kubwa ya dola 69.99, karibu shilingi 9,000 kwa dola ya shilingi 129, mimi siinunui siku ya kwanza. Miezi mitatu minne ikipita, apdeti zimetengeneza yaliyovunjika, bei imeshuka, na waliobaki wakiisifu ni wale walioimaliza. Kijana wako wa miaka 12 atalia wiki moja. Ataishi.

CD au bila CD? CD, dada. Sababu ya kwanza umeiandika mwenyewe bila kujua: zile diski sita. PS5 yenye CD itazicheza karibu zote. Ukichukua isiyo na CD, zinakuwa vioo vya kutishia ndege shambani.

Sababu ya pili ni hiyo waifai. Gemu ya gigabaiti 100, ambayo siku hizi ni kawaida, kwa megabiti 10 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa 22 kushuka, hapo hakuna anayetumia kitu kingine na stima haijapotea. Diski inamwaga mzigo mkubwa wenyewe, unabaki na apdeti. Soma tu maandishi madogo kwenye kasha: yakisema ni lazima upakue ndipo ucheze, diski hiyo ni ufunguo tu, mzigo uko mtandaoni.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu naijua mfukoni. Diski inatembea. Diski niliyonunua 7,500 nimewahi kuiuza 5,000 baada ya miezi miwili, na mji huu umejaa vijana wanaobadilishana kwa kuongezeana mia tano. Uza mapema zile za mpira: FC ya mwaka huu ikifika Agosti hakuna anayeitaka, maana mpya iko njiani Septemba. Gemu ya mtandaoni uliyoilipia haiuzwi, haiazimwi, binamu akija kutoka Kitale hawezi kuondoka nayo.

Watakwambia kuna njia rahisi, akaunti ya kushiriki. PlayStation haina duka la Kenya la kulipia kwa shilingi, kwa hiyo watu hufungua akaunti za nchi nyingine, na wachuuzi huuza nafasi ndani ya akaunti moja kwa watu kadhaa. Mwaka 2022 mimi, fundi, mtu anayejua, nilinunua moja kwa shilingi 3,000 kutoka kwa duka fulani la mtandaoni. Nilicheza miezi minne. Jumapili moja asubuhi nikawasha mashine, nikaona kufuli ndogo imekaa juu ya picha ya gemu. Nikabonyeza. Ikaniambia nithibitishe leseni. Namba ya yule muuzaji ikawa inaita tu. Saa hamsini za mchezo zilikuwa zimehifadhiwa humo, na mpaka leo nikiona kufuli, hata la kabati, nakumbuka.

Diski nayo haikuokoi na kila kitu. Kulikuwa na gemu ya Sony iliyoitwa Concord, ya kupigana mtandaoni tu. Ilitoka Agosti 23, 2024, na Septemba 6 ikazimwa. Wiki mbili! Pesa zilirudishwa, lakini aliyekuwa na diski alibaki na kitu cha kuwekea kikombe. Siku hiyo hiyo ya Septemba 6, Sony hao hao walitoa Astro Bot, roboti mdogo wa kuruka na kukusanya wenzake, haina haja ya intaneti kucheza, na Desemba ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Kwa huyo wa miaka 12 ningeanza na hiyo. Kabla hujanunua chochote, muulize muuzaji kama inachezeka bila mtandao. Akisita, nawe sita.

GTA V ataitaka pia, maana ipo tangu 2013 na kila mtoto wa mtaa ameiona kwa jirani. Kasha lina 18 kubwa. Hapo sina la kuongeza, wewe ndiwe mama.

PS5 Slim ina ujanja mmoja: sehemu ya CD inabandikwa na kubanduliwa. Waweza kununua isiyo nayo ukaiongezea baadaye, ila siku ya kuifunga mashine lazima iwe mtandaoni ili zitambuane. Sasa, mtu akikuuzia ya mtumba ambayo sehemu hiyo imebanduliwa na kubandikwa, itake iwashwe mbele yako. Nimeletewa mbili mwaka huu ambazo kiungo hicho kilitoka kwenye mashine nyingine na hakikuwahi kutambulishwa.

Na diski za mtumba, usizinunue kwa kuangalia picha ya kasha. Itoe, ishike kwa ukingo, iinamishe chini ya taa ya duka polepole mpaka mwanga uteleze kutoka katikati hadi nje. Mikwaruzo ya nywele inayozunguka haina neno. Unaotafuta ni mkwaruzo ambao kucha inaushika, na ufa mdogo kwenye tundu la katikati, unaoanza kama uzi. Kwenye DVD data imekaa katikati ya plastiki, milimita 0.6 kutoka usoni, ndiyo maana wazee walisugua dawa ya meno na ikafanya kazi. Kwenye Blu-ray, na gemu zote za PS4 na PS5 ni Blu-ray, data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, imekingwa na ngozi ngumu. Ngozi hiyo ikishatobolewa, Colgate itakupa harufu nzuri tu.

Siku ya kununua nenda na diski mbili kutoka nyumbani, moja ya gemu yenu ya PS4 na moja ya filamu. Mwambie aweke ya gemu, sikiliza inavyomezwa: sauti laini ya kuvuta, kimya kidogo, kisha inaanza kuzunguka. Ikigonga tak-tak-tak au ikitema, shukuru, ondoka. Halafu weka ya filamu, rukaruka hadi katikati, uone kama inaganda. Usilipe chochote kabla ya hapo, hata «ka-deposit». Njiani pitia kifaa cha kulinda umeme, maana stima ikirudi kwa kishindo jioni, ugavi wa umeme wa ndani wa PS5 ndio unaotangulia kuungua, na kuutengeneza si bei ya kuzungumzia kwa simu.

PS4 usiiuze bado. Kuna gemu ya mwaka 2021, It Takes Two, ambayo haichezwi na mtu mmoja. Ni lazima wawe wawili, kila mmoja na padi yake, nusu ya kioo kila mtu, na mmoja hawezi kupita mlango kama mwenzake hajashikilia kamba. Inacheza kwenye hiyo hiyo PS4. Itafutie diski kabla hata ya zamu ya chama kulipwa, waweke hao wawili wanaobishana kila Ijumaa kwenye kochi moja. Feni ikianza kunguruma kama mashine ya kusaga unga, vumbi limejaa. Ilete nipulize, ni kazi ya nusu saa.